Fungu la Serikali na Fungu la Kijiji

Mkoani Singida fedha haiji kwa mwezi kama mshahara wa karani, bali huja kwa msimu; na alizeti ikisha kupurwa, kuku wakisha kupandishwa juu ya mabasi katika matenga yao, na vitunguu vikisha kufungwa maguniani katika soko la Misuna tayari kwa safari ya mbali, mkulima wa Ikungi au wa Ilongero, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akila kwa kukopa, hujikuta kwa siku chache ameshika fedha nyingi kuliko atakayoishika tena mpaka mvua za mwaka mwingine zije na kuondoka. Siku hizo ndizo zinazowavuta wachuuzi wa kila namna, wa mitumba na wa redio, wa dawa na wa simu. Na katika miaka hii ya karibuni zimewavuta pia watu wauzao bidhaa isiyoshikika kwa mkono, nayo ni tumaini la kuigeuza fedha ndogo kuwa nyingi pasipo jasho. Biashara hiyo ni halali. Ina sheria yake na bodi yake, ina leseni zake na kodi zake, na mtu anayeifanya kwa kibali hana sababu ya kumkimbia askari.

Kwa kuwa ni halali, imetupasa sisi raia kuifahamu kama tunavyofahamu mambo ya ushuru wa mazao au ya bima ya afya, maana jambo lililoruhusiwa na dola huwa limeruhusiwa kwa jina letu. Nami nitasema tangu mwanzo rai niliyo nayo, ili msomaji aipime kila anapoendelea: Serikali imejifunza vizuri kulihesabu fungu lake katika michezo ya kubahatisha, hata shilingi ya mwisho, lakini hakuna daftari lililofunguliwa la kuhesabu fungu linalotoka kijijini, na sheria isiyoyahesabu yote mawili haijatimiza insafu.

Kamari haikuanza jana kutazamwa kwa jicho la sheria katika nchi hii. Tangu zama za utawala wa Waingereza Kanuni ya Adhabu iliihesabu nyumba ya kamari kuwa ni kosa, na mwenye kuifungua aliweza kufikishwa mbele ya hakimu. Baada ya uhuru msimamo ukalegezwa kwa upande mmoja na kukazwa kwa upande mwingine: mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, ilipitishwa sheria ya kusimamia madau na bahati nasibu, na mwaka 1974 ikafuata sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Huenda kijana wa leo akastaajabu kusikia kwamba dola iliyohubiri kazi na kujitegemea iliuza tikiti za bahati. Lakini hoja ya wakati ule ilikuwa wazi, nayo ni kwamba mchezo ni mmoja tu, mwenye mchezo ni umma, na faida yake ni ya umma. Mtu aliyenunua tikiti akakosa aliweza angalau kujifariji kwamba senti zake hazikuvuka mpaka wala hazikuingia katika mfuko wa mtu binafsi.

Zama hizo zikapita. Uchumi ulipofunguliwa katika miaka ya 1990, wenye mitaji walitaka kufungua kasino katika mahoteli ya Dar es Salaam, na sheria kuukuu hazikuwatosha. Ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo leo ni Sura ya 41 ya sheria za nchi, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ikaanza kazi mwezi Julai 2003. Bodi hiyo iliwekwa chini ya Wizara ya Fedha. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka, kwa kuwa mahali mtoto alipolelewa hueleza tabia zake za ukubwani. Ingaliwezekana Bodi iwekwe chini ya wizara ya afya, kwa kuwa uraibu ni maradhi. Au chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, kwa kuwa mchezo ukizidi huvunja nyumba. Au chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa kuwa penye kamari ya siri aghalabu pana uhalifu. Iliwekwa chini ya Hazina, na tangu hapo jicho kubwa la usimamizi limekuwa jicho la mkusanyaji. Mwaka 2017 kazi ya kukusanya kodi yenyewe ilihamishiwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mapato ya Serikali kutoka katika michezo hii yakapanda mwaka hata mwaka hadi kuvuka shilingi bilioni 100 kwa mwaka.

Nisieleweke vibaya. Bodi inayo kazi njema, na raia wengi hawaijui. Anayetaka leseni huchunguzwa yeye na mtaji wake, ili fedha chafu isipate mahali pa kuoshewa. Mashine hukaguliwa isije ikawa imefungwa kwa hila. Mchezaji aliyeshinda akanyimwa fedha yake anaweza kupeleka malalamiko kwa Bodi, nayo ikamwita mwenye mchezo ajibu. Na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza wala kuchezeshwa. Chini ya sheria hiyo moja yamo mambo ya namna nyingi: kasino za meza na karata, mashine za sloti, kubashiri matokeo ya mechi, bahati nasibu za kutuma ujumbe kwa simu, kasino za mtandaoni, na bahati nasibu ya taifa. Kasino kubwa ni mambo ya Dar es Salaam na ya miji michache yenye wageni na watalii. Mtu wa Singida anavijua zaidi vitu viwili, yaani mashine na simu. Na kwa hiyo tuviangalie hivyo kwa karibu.

Mashine iliyozoeleka vijijini, ambayo vijana huiita dubwi, ni sanduku la kimo cha mtoto wa darasa la tatu, lenye kioo usoni. Juu ya kioo hicho zimechorwa kwa mzunguko picha za matufaha, machungwa, matikiti maji, kengele na nyota, na chini yake kimepangwa kitufe kimoja kwa kila picha. Mchezaji hutumbukiza sarafu ya shilingi 200, akachagua picha yake, akabonyeza; taa hukimbia huku na huku, kasi kwanza, kisha polepole, kisha kama inayosita, hata isimame. Ikisimama penye picha yake, sarafu humwagika katika kidaka cha chini kwa kishindo ambacho kila aliye dukani hukisikia. Isiposimama, hakuna sauti yoyote. Ndiyo sababu anayesimama kando saa nzima huondoka akidhani watu wanashinda sana, maana masikio yake yamehesabu ushindi tu, na hasara haina mlio. Mwenye duka hupata fungu lake dogo kwa kuihifadhi mashine na kuvunja noti kuwa sarafu. Na kila baada ya muda huja mtu na ufunguo, akafungua mgongo wa sanduku, akakinga mfuko, akaondoka na sarafu za kijiji.

Mashine yenye kibali, iliyowekwa mahali pa watu wazima, ni jambo moja. Mashine isiyo na kibali, iliyowekwa kwenye kibaraza cha duka ambako mtoto hutumwa chumvi na sukari, ni jambo lingine. Na tofauti ya hizo mbili mtu wa kawaida haioni, kwa kuwa taa ni zile zile na matunda ni yale yale. Maofisa wa Bodi hufanya misako na kuzikamata mashine haramu, lakini maofisa hao ni wachache, nchi ni pana, na kutoka ofisini kwao hadi Nduguti au Itigi ni safari. Mtu wa kwanza kujua kwamba sanduku jipya limeletwa kijijini ni mwenyekiti wa kitongoji, wala si mkaguzi; ilhali mwenyekiti huyo ndiye ambaye leseni hutolewa pasipo yeye kutia mkono.

Upande wa simu mambo ni makubwa zaidi, kwa kuwa tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoenea, kibanda cha kubeti kimehamia mfukoni. Kijana wa bodaboda pale stendi, akingoja abiria, anaweza kupanga mkeka, yaani orodha moja ya ubashiri, wa mechi kumi za Ulaya kabla basi la Mwanza halijaingia. Nilimsikia mmoja wao akimlalamikia mzee auzaye karanga.

"Shikamoo mzee. Yaani jana timu moja tu imenichania mkeka. Tisa zote zimetiki."

"Marahaba, mwanangu. Wiki iliyopita pia uliniambia moja."

"Ile ilikuwa nyingine, mzee. Safari hii nilikaribia kabisa."

Katika maneno hayo ya mwisho yamo yote yampasayo mtu kuyajua juu ya biashara hii. Kijana haoni kwamba amepoteza. Anaona kwamba amekaribia, na aliyekaribia huongeza mwendo. Kumbe hesabu yenyewe haina habari ya kukaribia. Tuichukue mechi moja ya mfano katika Uwanja wa Liti, mjini Singida, na tuseme kampuni imeipa timu ya nyumbani odi ya 2.50 (yaani dau likishinda hulipwa mara mbili na nusu), sare odi ya 3.00, na timu ngeni odi ya 2.60. Mtu akitaka kujihakikishia shilingi 10,000 kwa tokeo lolote lile, itampasa aweke shilingi 4,000 kwa wenyeji, 3,333 kwa sare, na 3,846 kwa wageni, jumla shilingi 11,179. Ametoa elfu kumi na moja na ushei ili apokee elfu kumi. Ile shilingi 1,179 iliyopotea njiani ndiyo ada ya kampuni, nayo imefichwa ndani ya namba za odi, wala haikuandikwa popote kwamba ni ada. Mtu anayebashiri tokeo moja tu haioni; lakini huilipa.

Sasa aunganishe mechi kumi katika mkeka mmoja, kama ilivyo desturi, kwa kuwa mkeka mrefu ndio unaoahidi mamilioni kwa shilingi elfu moja. Ada hiyo haijumlishwi, hulimbikizana. Ikiwa katika kila mechi wastani wa shilingi 100 hubaki 90, baada ya mechi ya pili hubaki 81, baada ya ya tatu 73, na baada ya ya kumi hubaki kama 35 tu. Na hata kijana akiwa hodari wa mpira kiasi cha kupatia mechi sita katika kila kumi, nafasi ya kupatia zote kumi kwa mkupuo mmoja ni kama moja katika 165. Kwa hiyo atachaniwa na timu moja leo, na timu mbili kesho, na timu moja tena wiki ijayo, atakaribia daima.

Hapo ndipo linapoingia fungu la Serikali. Kodi kubwa ya michezo hii hutozwa juu ya kile kinachobaki kwa mwenye mchezo baada ya kuwalipa washindi. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa, kasino zilikuwa zikilipa asilimia 18 ya baki hiyo, na makampuni ya kubashiri mechi asilimia 25. Mshindi naye hukatwa kodi ya ushindi kabla hajaiona fedha, na kiwango chake kimekuwa kikipanda na kushuka kwa bajeti. Mwaka 2021, mathalan, kiliteremshwa kutoka asilimia 20 hadi 15. Sehemu ya mapato ya kubashiri mechi imetengwa kwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, jambo ambalo nalisifu. Lakini hebu tuufuate mwendo wa fedha kwa mfano. Tuseme watu wa Kiomboi wameweka kwa msimu mmoja shilingi milioni 10, na washindi miongoni mwao wakarudishiwa milioni saba. Imebaki milioni tatu. Kwa kiwango hicho cha asilimia 25, Serikali Kuu inachukua shilingi 750,000. Zinazosalia ni za kampuni, zilipe mishahara, matangazo, mitambo na wenye hisa. Kiomboi yenyewe imebaki na kodi ya chumba cha wakala na kamisheni yake. Milioni tatu zilizotoka ni mbegu ambazo hazikununuliwa na bati ambazo hazikuezekwa, na hakuna ofisi yoyote wilayani, wala ya kilimo wala ya ustawi wa jamii, yenye wajibu wa kuuliza zilikwenda wapi.

Watu wa Singida wameyaona mambo haya kwa uso wake wa furaha pia, na si haki kuuficha. Mwezi Mei 2017 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa imekwisha kupata jina kubwa Kenya, ilianza kazi Tanzania, na kwa muda mfupi ikawadhamini Simba na Yanga, na pamoja nao Singida United, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Juni mwaka huo kampuni iliandaa mashindano Dar es Salaam, Singida United ikiwamo, na Gor Mahia ya Kenya iliyotwaa kombe ikapata kucheza na Everton ya Uingereza katika Uwanja wa Taifa mwezi uliofuata, siku ambayo Wayne Rooney alifunga bao mbele ya macho ya Waswahili. Msimu huo wa kwanza Singida United, chini ya mwalimu Mholanzi Hans van der Pluijm, iliwashangaza wengi. Mwezi Juni 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Mkoa ambao jina lake lilikuwa likitajwa kwa ukame na kwa kuku ukawa unatajwa redioni kila Jumamosi. Mwaka 2020 timu ilishuka daraja. Sisemi kwamba udhamini ndio ulioishusha, kwa kuwa timu hushuka kwa sababu nyingi. Nasema kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana jina la kampuni ya kubeti lililochapwa kifuani mwa fulana liliingia majumbani na kuvaliwa na watoto ambao sheria inawakataza kuukaribia mchezo wenyewe. Tangazo la sigara halingeruhusiwa kifuani mwa mtoto huyo. Hili limeruhusiwa, na katika miaka iliyofuata udhamini wa makampuni ya namna hii katika vilabu vikubwa ukafikia mabilioni ya shilingi, hata ikawa vigumu kwa kiongozi yeyote wa mpira kulisema neno moja la hadhari.

Majirani zetu walijaribu kuvuta hatamu kwa nguvu. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25, ikiamini kwamba ujana wa kwanza ndio wenye hatari. Na Januari 2019 Rais Museveni akaagiza kwamba makampuni mapya ya kubeti yasipewe leseni. Kenya, mwezi Julai 2019, ilikataa kuhuisha leseni za makampuni 27 katika ugomvi wa kodi, na SportPesa ikauondoa udhamini wake kwa vilabu vya huko, vikabaki taabani kwa kuwa vilikuwa vimezoea kula katika chungu kimoja. Leseni zilirudi baadaye, kampuni kwa kampuni, na mwaka 2025 Kenya ikapata sheria mpya badala ya ile ya 1966. Mafunzo ya majirani ni kwamba kufunga kwa ghafula hakudumu, kwa kuwa simu haina mpaka, na aliyefungiwa kibanda cha nyumbani huingia katika kibanda cha mtandao kisichojulikana mwenyewe.

Wapo wanaosema kwamba jawabu ni moja tu, nalo ni kuharamisha. Waislamu tunaoishi nao Singida wanajua kwamba Qur'ani imeitaja maisiri pamoja na ulevi na kuwaamuru waumini wajiepushe nayo. Na Wakristo, Walutheri na Wakatoliki waliojaa Unyaturu na Unyiramba, wamesikia maonyo ya namna hiyo kwa wachungaji na mapadri wao. Nayaheshimu maonyo hayo kwa moyo wote, na naamini yamewaokoa watu wengi zaidi kuliko sheria yoyote. Lakini dola imekwisha kuamua kuruhusu, na madhali imeruhusu, swali lililo mbele yetu ni nani ashike hatamu na nani ale mavuno.

Katika swali hilo nchi moja ya mbali ina habari itufaayo. Wenyeji wa asili wa Marekani, baada ya kunyang'anywa ardhi na kusukumizwa katika maeneo makavu waliyotengewa, walikuwa kwa vizazi vingi miongoni mwa watu maskini kuliko wote katika nchi tajiri. Mwaka 1979 Waseminole wa Florida walifungua katika ardhi yao ukumbi wa mchezo wa bingo wenye zawadi kubwa kuliko zilizoruhusiwa na sheria za jimbo. Wenye mamlaka wakataka kuwazuia; Waseminole wakaenda mahakamani, wakashinda. Makabila mawili madogo ya California, Cabazon na Morongo, yalipofanya vivyo hivyo, shauri lilifika Mahakama ya Juu ya nchi, nayo mwezi Februari 1987 ikahukumu kwamba jimbo lililouruhusu mchezo kwa watu wengine halina mamlaka ya kuwazuia wenyeji hao kuuendesha katika ardhi yao. Mwaka uliofuata Baraza la Congress likatunga sheria maalumu. Sheria hiyo iliigawa michezo katika daraja tatu: ile ya jadi na ya sherehe ikaachwa mikononi mwa kabila peke yake; bingo na mifano yake ikawa ya kabila chini ya uangalizi wa tume ya kitaifa; na kasino zenyewe, pamoja na mashine, zikaruhusiwa pale tu kabila na jimbo wanapokaa kitako na kuandikiana mkataba.

Mwanzo wa faida yao ni kifungu kimoja ambacho aghalabu hakitajwi. Sheria hiyo inataja mambo matano ambayo mapato halisi ya kabila yanaweza kutumiwa: kuendesha serikali ya kabila, ustawi wa watu wake, maendeleo ya uchumi wake, sadaka kwa taasisi za hisani, na kusaidia vyombo vya serikali za mitaa. Fedha iliyopotezwa mezani ilitakiwa na sheria ionekane tena katika zahanati, shule na mabomba ya maji ya mahali pale pale. Wapequot wa Connecticut, waliokuwa wamebaki watu wachache mno, walifungua kasino ya Foxwoods mwaka 1992, na kwa makubaliano na jimbo wakawa wanalipa robo ya mapato ya mashine zao katika hazina ya jimbo. Si makabila yote yaliyopata neema hiyo. Walio mbali na miji mikubwa wamepata kidogo au hawakupata kitu, na uraibu haukuwahurumia wenyeji kwa sababu ya asili yao. Pamoja na hayo, waliokaa karibu na mchezo ndio waliokuwa na sauti ya kuukubali au kuukataa, na ndio walioona fungu lao.

Sisi hatuna makabila yenye dola, wala hatuyahitaji. Mamlaka ya machifu ilikomeshwa na sheria mwaka 1963, na Mnyaturu na Mnyiramba wote ni raia wa Jamhuri moja. Lakini tunacho kijiji, chenye halmashauri yake na mkutano wake mkuu, na juu yake tunayo halmashauri ya wilaya. Vyombo hivyo vinaaminiwa kugawa ardhi, kusuluhisha wafugaji na wakulima, na kuamua mahali pa kuchimba kisima. Kwa nini visiulizwe kabla sanduku la matunda halijawekwa mita chache kutoka shule ya msingi? Ombi la leseni ya mashine au ya kibanda lingepelekwa kwanza katika mkutano wa kijiji au wa mtaa, na rai ya mkutano huo ikaandikwa na kutumwa kwa Bodi. Sehemu ya kodi ingerudi katika halmashauri ambako fedha ilitoka, ikatumiwa hadharani. Makampuni yangetakiwa kutangaza, mkoa kwa mkoa, kiasi kilichowekwa na kiasi kilicholipwa washindi. Hili si gumu, kwa kuwa mashine zenye kibali zina mahali pake palipoandikwa, na kila dau la simu hupita katika namba iliyosajiliwa. Na mtu anayejiona amezidiwa angepewa njia rahisi ya kuifungia namba yake kwa ombi lake mwenyewe, pasipo kuwaeleza watu aibu yake.

Mengine katika hayo yanahitaji Bunge. Moja halihitaji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya, imekwisha kuipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mambo ya kijiji chake, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji cha wilayani Ikungi au Mkalama hakiwezi kuifuta leseni ya Bodi. Lakini kinaweza kuazimia katika mkutano wake kwamba mashine yoyote isiwekwe katika duka wanakotumwa watoto, kwamba mwenye duka anayevunja noti ya mtoto kuwa sarafu za dubwi atozwe faini, na kwamba kibali cha kila mashine iliyoletwa kionyeshwe kwa mtendaji wa kijiji kabla haijawashwa. Azimio hilo huandikwa katika muhtasari, hupelekwa kwa mtendaji wa kata, kisha katika baraza la madiwani. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na mmojawapo wa mikutano hiyo huangukia karibu na wakati alizeti inapopurwa.